Kukopa Hutangulia Kudaiwa

Ndugu msomaji, siku hizi yasemwa mabarazani, hata hapa Chemchem, Tabora, ati Einstein amethibitisha kuwa wakati ni rai ya kila mtu. Basi cha mbele chaweza kuwa cha nyuma, na mtu asilaumiwe kwa alilolitenda. Maneno haya yana nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli hupoteza watu kuliko uwongo mtupu.

Nusu iliyo kweli ni hii. Mwaka 1905 Einstein alifundisha kuwa matukio mawili yaliyo mbali mbali huweza kuwa ya wakati mmoja kwa mtu huyu, yasiwe hivyo kwa mwingine aendaye mwendo mwingine. Na mwaka 1971 Hafele na Keating walizungusha saa za atomiki duniani kwa ndege; ziliporudi zikahitilafiana na zilizobaki nyumbani kwa sehemu ndogo mno ya sekunde.

Nusu waliyoiacha ni kikomo. Hapana habari iendayo mbio kuliko nuru, nayo hukata kama kilomita 300,000 kwa sekunde. Itazame njia yetu ya misafara. Livingstone alifariki kwa Chitambo, Mei 1873. Cameron, aliyetumwa kumsaidia, alikuwa hapa Unyanyembe barua ya msiba ilipomfikia Oktoba, imechukuliwa kwa miguu. Miezi mitano kifo kile hakikumtoa hata chozi, maana athari haimtangulii mchukuzi wake.

Lakini mfano huu una mpaka wake. Hata ukiutoa muda wa barua kusafiri, watazamaji wa Einstein bado watahitilafiana. Ila watahitilafiana juu ya matukio ambayo hata nuru isingewahi kutoka kwa moja ikafika kwa jingine. Pale tukio moja liwezapo kulisababisha jingine, utaratibu ni mmoja kwa wote: kifo kwanza, barua baadaye.

Tufanye insafu pia. Mwaka 1949 Kurt Gödel alionyesha kuwa hesabu za Einstein zakubali ulimwengu wenye njia za kurudi jana. Lakini ulimwengu huo wa hesabu hautanuki, na huu tuishimo watanuka.

Basi akikujia mwenye deni akakwambia wakati ni rai, mjibu kwa upole: saa zaweza kuhitilafiana, lakini kukopa kumetangulia kudaiwa, kwa kila mwenye kutazama. Wallahu aalam.