Shukrani kwa Wasimamizi wa Watabibu wa Nafsi
Katika Karagwe, wilaya ya kaskazini-magharibi mwa Tanzania, na Kyerwa iliyomegwa kwayo mwaka 2012, nchi iliyowapokea wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994 pamoja na majonzi yao, muuguzi wa maradhi ya akili husikiliza huzuni za watu kutwa kucha, naye aghalabu hana mwenziwe wa fani hiyo wa kumshauri. Basi amestahiki sifa msimamizi amwendeaye, akaketi naye faraghani, akapitia majalada ya wagonjwa, akadadisi sababu ya kila dawa, akamsahihisha pasi na kumfedhehesha, kisha akamuuliza hali ya moyo wake mwenyewe. Hospitali ya Mirembe, ya maradhi ya akili, iko Dodoma, masafa marefu kutoka huko. Kwa hiyo usimamizi shirikishi wa namna hii, uifikishao ilimu hadi zahanati ya kijijini, ni hisani kwa muuguzi na haki ya mgonjwa.