Tunda Linalokandwa

Katika bustani ya Otow Orchard, Granite Bay, California, persimoni haianikwi ikaachwa. Inakandwa. Ufundi huo, hoshigaki, uliletwa kaunti ya Placer na wahamiaji wa Kijapani. Sheria ya 1913 iliwazuia kumiliki mashamba, na mwaka 1942 serikali ikawatia kambini wao na watoto wao waliozaliwa Marekani. Ufundi haukufa, na familia ya Otow bado inauishi.

Tunda linalopendwa kwa kazi hii ni Hachiya, ambalo likiwa bichi lina ukakasi kupita bibo. Huchumwa hivyo hivyo gumu, likiwa na kipande cha kijiti kwenye kikonyo ili uzi upate pa kushika. Humenywa, likaning'inizwa bila kugusana na jenzake. Wengi wetu tungeondoka hapo. Lakini tunda nene likikauka upesi kwa nje hujifunga: juu limekakamaa, ndani bado maji, na uozo huanzia huko. Kwa hiyo ngozi mpya ikishajifanya, kidole gumba huingia kazini, kikibonyeza taratibu kila baada ya siku tatu hadi tano. Nyama ya ndani hulegea, maji yakasogea nje. Ukiwahi mno, au ukitumia nguvu, linapasuka. Baada ya wiki nne hadi sita ukakasi umekwisha na sukari imejitokeza juu, unga mweupe ambao mgeni huudhania ukungu.

Kanuni hiyo, kwamba kinene hakikauki kama chembamba, wavuvi wa Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru nchini Zambia, wanaijua kwa njia nyingine. Chisense, samaki mdogo wa ziwa hilo, huanikwa mchangani na kukauka upesi kwa udogo wake. Samaki mnene hupasuliwa au hukaushwa kwa moshi.

Na maembe ya huku Mweru je? Msimu wake huangukia mvua, na Desemba hadi Februari uvuvi wa ziwa hufungwa. Mikono ipo, matunda yapo, jua ndilo la kubahatisha. Majira ya mapukutiko ya Placer, wakati wa hoshigaki, ni makavu zaidi. Kuning'iniza embe zima hapa, na kokwa lake lile, ni kulikabidhi kwa ukungu. Afadhali vipande vyembamba kwenye kikaushio cha nailoni, au jemu. Ila vitabu vingi vya mapishi huagiza jemu ifike nyuzi 104 au 105, kipimo cha usawa wa bahari. Mweru iko kama mita 920 juu yake, maji huchemka karibu na nyuzi 97, hivyo sufuria iepuliwe kwenye 101 au 102. Anayengoja 105 atapakua gundi.