Vilio la Damu Si Mchubuko: Juu ya Istilahi za Kwato

Katika tafsiri za maelezo ya utunzaji wa wanyama, neno mchubuko hutumiwa kutaja dhara linalompata farasi au punda akanyagapo jiwe, damu ikavuja ndani ya ukwato bila ukwato wenyewe kupasuka. Tunakusudia kuonyesha kuwa matumizi hayo hayafai, na kwamba hasara yake haiishii katika lugha.

Kuchubuka ni kutoka kwa ngozi ya juu. Mfugaji aambiwaye kuwa mnyama wake ana mchubuko atatafuta mahali palipobanduka. Asipopaona ataamini kuwa mnyama ni mzima, naye atamrudisha kazini. Kumbe dhara limo ndani. Vishipa vya damu vilivyo juu ya wayo wa ukwato vimepasuka, na damu imekusanyika mahali isipoweza kutoka. Siku za kwanza huenda pasiwe na dalili ila kuchechemea. Doa jekundu au la zambarau hujitokeza baadaye, kadiri ukwato unavyokua. Ukuta wa ukwato wa farasi hukua kiasi cha milimita 6 hadi 10 kwa mwezi. Kwa hiyo doa lililoanzia penye mpaka wa nywele, likionekana leo katikati ya ukuta, latueleza jambo la miezi kadhaa iliyopita. Katika ukwato mweusi huenda lisionekane kabisa.

Kiswahili hakina upungufu hapa. Tangu zamani husemwa kuwa damu imevilia, yaani imekusanyika na kutuama chini ya ngozi baada ya pigo, na jina lake ni vilio la damu. Yawezekana mtu akapinga kwamba vilio ni wingi wa kilio. Pingamizi hilo lina jibu: upatanisho wa kisarufi huyatenga maneno hayo, kwani tunasema vilio hili, si vilio hivi, na istilahi ikiandikwa kwa ukamilifu, vilio la damu, hakuna msomaji atakayedhani kuwa pana mtu anayelia.

Yafaa pia tutenge mambo matatu ambayo wafasiri huyachanganya. Vilio la damu ni dhara lenyewe. Doa ni alama iachwayo na damu katika ukwato. Jipu la ukwato ni usaha uliojikusanya ndani. Vilio huhitaji zaidi mapumziko na kuondolewa kwa kilichomwumiza mnyama; jipu huhitaji kufunguliwa na mganga wa mifugo ili usaha utoke. Tena doa lililo kwenye mstari mweupe, mahali ukuta unapoungana na wayo, laweza kuwa dalili ya uvimbe wa ndani ya ukwato, ugonjwa mzito kuliko pigo la jiwe. Tafsiri isemayo tu "kubadilika rangi kwa ukwato" haimsaidii afisa wa mifugo kuamua lolote.

Hebu tumfikirie msomaji wa Ifakara. Bonde la Kilombero halikuwa nchi ya farasi, kwani mbung'o hueneza ugonjwa wa nagana, nao humwua farasi upesi. Wanyama wanaofugwa huko ni ng'ombe hasa, walioongezeka kwa kuhamia wafugaji kutoka mikoa mingine. Wakati wa masika mto hufurika na ardhi hulowa kwa muda mrefu; kwato zikilowa hulainika, na ukwato laini huumizwa na jiwe kwa urahisi. Mfasiri wa kitabu cha farasi hana budi kueleza kuwa ukwato wa farasi na punda ni mmoja, na wa ng'ombe umegawanyika, ili msomaji ajue lipi linamhusu.

Kosa jingine hutokana na kutafsiri neno kwa neno. Sehemu laini ya pembetatu iliyo nyuma ya wayo wa farasi, Waingereza huiita chura, na Wafaransa huiita uma mdogo. Kila taifa limechagua mfano wake. Mfasiri akiandika kwamba chura wa farasi asafishwe kila siku, atachekwa, na ushauri mwema utapotea. Sisi tunapendekeza kabari ya ukwato, kwa kuwa umbo lake ni la kabari.

Basi tunapendekeza ukwato, wingi kwato. Wayo wa ukwato. Kabari ya ukwato. Vilio la damu. Doa la damu. Na jipu la ukwato. Mchubuko ubaki katika kazi yake ya ngozi. Hata hivyo istilahi haikamiliki mezani. Wafugaji wa Kisukuma waliohamia bondeni wana msamiati mpana wa mifugo, na lugha yao ni ya Kibantu kama Kiswahili. Walimu na maafisa walio Ifakara, Mang'ula na Mlimba wanaombwa wayakusanye maneno hayo na kuyaleta, ili mapendekezo haya yapimwe kabla ya kusanifishwa.