Waifai ya Irving Inapokutana na Rada

Mji wa Irving, Texas, umebanwa kati ya viwanja viwili vya ndege. Magharibi kuna Dallas/Fort Worth, ambao sehemu ya ardhi yake imo ndani ya mipaka ya mji wenyewe, na mashariki kuna Love Field. Anayetaka kurekebisha intaneti ya nyumbani hapa aanze na ramani hiyo. Malalamiko ya Wakenya, Watanzania na Wakongo wanaoishi kwenye apatimenti za huku yanafanana mno: kifurushi ni kikubwa, ruta ni mpya, lakini simu ya video inakata, inarudi, inakata tena.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, chomeka laptopu kwenye ruta kwa waya upime kasi, kisha chomoa upime kwa waifai ukiwa chumba hichohicho. Waya ukitoa kasi unayolipia na waifai ikatoa theluthi yake, basi kampuni imekufikishia ilichoahidi na kasi inapotelea hewani, ndani ya nyumba yako. Watu huruka hatua hii, wakapiga simu kuongeza kifurushi, na mwisho wa mwezi wanalipa zaidi kwa tatizo lilelile.

Kwenye masafa ya gigahezi 2.4 sina mengi ya kusema. Marekani inaruhusu chaneli 11, na zisizogongana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Katika jengo lenye ruta kila mlango, hizo tatu zimejaa asubuhi hadi usiku. Weka upana wa megahezi 20, ziachie taa na kamera masafa hayo, halafu hamishia simu, runinga na laptopu kwenye gigahezi 5.

Huko kwenye gigahezi 5 ndiko Irving inakodai uangalifu wa pekee. Mtu anafungua ukurasa wa ruta, anakuta upana wa chaneli ni megahezi 80, anaupandisha hadi 160 akitarajia kasi mara mbili. Kwa hesabu ya karatasi hajakosea. Lakini ruta nyingi za nyumbani zina nafasi mbili tu za kuweka upana huo: chaneli 36 hadi 64, au 100 hadi 128. Nusu ya juu ya nafasi ya kwanza, kuanzia 52, na nafasi yote ya pili, ni masafa ambayo waifai inayatumia pamoja na rada, na rada ndiyo yenye haki ya kwanza. Zaidi ya hapo, chaneli 120, 124 na 128 zimekaa juu ya megahezi 5600 hadi 5650, masafa ya rada za hali ya hewa zinazolinda viwanja vya ndege. Dallas/Fort Worth una rada yake ya aina hiyo, na Love Field una yake.

Sheria ya Marekani inaitaka ruta isikilize kwa dakika moja kabla ya kuanza kurusha kwenye masafa hayo. Ikisikia rada ina sekunde 10 za kuondoka, na hairuhusiwi kurudi kwenye chaneli hiyo kabla ya dakika 30. Kwa mwenye nyumba, kuhama huko ndiko kukatika kwa simu. Fungua logi ya ruta utazame saa: ukikuta taarifa ya rada kwenye dakika ileile ambayo mazungumzo yalikatika, umempata mhusika. Ruta nyingine huona rada hata pasipo na rada, ila matokeo kwako ni yaleyale.

Rada hizi zina historia ya msiba hapohapo. Tarehe 2 Agosti 1985, ndege ya Delta namba 191 ikishuka kutua Dallas/Fort Worth iliingia kwenye upepo mkali unaoporomoka ghafla kutoka kwenye wingu la radi. Iligusa ardhi kabla ya kufika uwanjani, ikagonga gari kwenye barabara ya 114, na watu 137 wakafa, dereva wa gari hilo akiwamo. Ajali hiyo na nyingine za namna yake ndizo zilizosukuma viwanja vikubwa viwekewe rada za kuuona upepo huo mapema. Kuna wanaofundisha mbinu ya kuidanganya ruta kwamba iko nchi nyingine ili isisikilize rada. Usifanye hivyo, na ukimwona jirani anafanya mkataze. Mamlaka ya mawasiliano, FCC, imewahi kuzitoza faini kampuni za intaneti kwa kuingilia rada hizi, na ilikuwa na haki.

Dawa halali ni rahisi. Zima uchaguzi wa chaneli wa kiotomatiki, rudisha upana kwenye 80, kisha chagua kati ya 36–48 na 149–161, ambazo hazina sharti la rada. Programu ya kuchunguza waifai kwenye simu itakuonyesha majirani wamejazana wapi. Pande zote mbili zikijaa, shuka hadi 40, kwa maana kipande chembamba unachokitumia peke yako hupitisha data nyingi kuliko kipana unachosubiriana na ruta sita. Mwenye vifaa vya gigahezi 6, masafa ambayo FCC iliyafungulia waifai mwaka 2020, ataipata 160 yake huko bila rada, mradi akae karibu na ruta, maana kuta huyadhoofisha haraka.

Ikiwa simu bado inachelewa hasa wakati mtoto anapakia video, tazama foleni ndani ya ruta. Washa mpangilio wa kusimamia foleni, ule unaotumia fq_codel au CAKE, na uweke kikomo chini kidogo ya kasi uliyopima: Mbps 20 za kupakia ziandike 18. Kasi ya juu itapungua kidogo, na sauti ya mama Nairobi haitasubiri tena nyuma ya video.

Kuchelewa kutakakobaki ni kwa umbali. Dallas hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 14,000, na mwanga ndani ya nyuzi husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni milisekunde 140 hata kebo ingenyooka moja kwa moja, na kebo za baharini hazinyooki.