Ushairi wa Weusi: Ni Bahari au ni Anwani?

Jamani, wapo wenzangu wanaotaja "ushairi wa Weusi" kama wanavyotaja utenzi: eti ni aina kamili, yenye kanuni zake. Mimi nabisha. Sisi wa Kiswahili tunajua bahari ni kitu gani. Utenzi una vipande vinne kwa ubeti, mizani minane kila kipande, na kina cha mwisho kinatembea toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Haya, nionyesheni kanuni za ushairi wa Weusi.

Mtakimbilia kwa Langston Hughes, najua. Kwenye The Weary Blues (1926) alichukua bluzi ya mitaani akaifanya shairi: mstari unasemwa, unarudiwa, halafu wa tatu unajibu kwa kina kilekile. Hiyo ni bahari, tena Weusi wa Marekani wameizaa wenyewe. Hapo sina ubishi.

Lakini Claude McKay je? Mwaka 1919 Weusi walikuwa wakivamiwa na kuuawa katika miji kadhaa ya Marekani, naye akatoa "If We Must Die". Hasira tupu! Umbo lake sasa: soneti, mistari 14, vina vilevile vya Shakespeare. Na humo ndani rangi haitajwi hata mara moja. Ukilifuta jina la mwandishi na mwaka, utaliweka fungu gani?

Robert Hayden ndiye anayenitesa zaidi. Mwaka 1966, kwenye mkutano wa waandishi Chuo Kikuu cha Fisk, alikataa kuitwa mshairi Mweusi. Alitaka aitwe mshairi, basi. Wakamjia juu. Na huyohuyo ndiye aliyeandika "Middle Passage", shairi la meli za watumwa, ambamo wanaosikika sana ni mabaharia na wafanyabiashara wenyewe, wanasali huku wamepakia watu. Wakaa chini ya sitaha hawapewi nafasi ya kusema, na wewe msomaji unawasikia hivyohivyo. Bwana, kama hilo si la Weusi, lipi ni la Weusi?

Gwendolyn Brooks alipita njia nyingine. Alipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1950, Mweusi wa kwanza kuipata. Baada ya mkutano wa Fisk wa 1967 aliamua kusema na Weusi wenzake, akaiacha Harper & Row, akapeleka mashairi Detroit, kwa Broadside Press ya Dudley Randall. Kwake neno "Mweusi" lilihusu nani anachapa na nani anasomewa. Hiyo naielewa: ni anwani. Anwani haikwambii barua imeandikwaje.

Kwa hiyo mshairi kijana anayetaka kujifunza kwa Weusi wa Marekani aanzie kwenye ufundi. Bluzi ina mistari mitatu, sisi tuna tathlitha. Nimejaribu kuzioanisha. Kurudia mshororo hakusumbui, vina havisumbui. Mizani ndiyo inagoma, maana bluzi hufuata mapigo, haihesabu silabi. Aliyefanikiwa alete, tulighani.