Bandeji ya Safari: Namna ya Kuujua Mkono wa Fundi

Farasi mzima ana uzito wa kilo 500 hivi, na takriban asilimia 60 ya uzito huo hubebwa na miguu ya mbele. Ajabu ni kwamba kuanzia gotini kwenda chini, mguu huo hauna msuli wa kuukinga. Ni mfupa, kano, mishipa na ngozi basi. Pigo ambalo paja lingelistahimili, likitua kwenye muundi hufika moja kwa moja kwenye kano, na kano iliyochanika huchukua miezi mingi kupona, pengine isirudi kuwa ilivyokuwa.

Hapa Kenya farasi wa mbio na wa polo wanasafiri sana. Hutoka mashamba ya Molo, Gilgil, Naivasha na Limuru kuelekea Nairobi, ambako uwanja wa Ngong Racecourse umekuwa ukipokea mbio tangu 1954. Anayetoka Naivasha hana budi kuukwea ukuta wa Bonde la Ufa, kona baada ya kona, nyuma ya malori yanayojikongoja, kisha akutane na matuta ya barabarani. Kila breki inamlazimu farasi kupanua miguu na kutafuta upya pa kukanyaga. Hapo ndipo anapojiumiza, kwani adui wake mkubwa ndani ya lori ni kwato zake mwenyewe. Ukwato mmoja hukanyaga kisigino cha mwenzake, au kiatu cha chuma hukwangua ukingo wa ukwato, pale ngozi inapokutana nao.

Ukingo huo ndio kiwanda cha ukwato. Ukuta wa ukwato hukua milimita 8 hadi 10 kwa mwezi, hivyo jeraha la sekunde moja pale juu huweza kushuka na ukwato kama ufa au kovu kwa karibu mwaka mzima kabla ya kufika chini na kukatwa. Kwa hiyo bandeji ya safari ikikomea kwenye kifundo na kuuacha ukingo wazi, hata iwe imefungwa kwa unadhifu kiasi gani, haijafanya kazi iliyotumwa.

Anza na pedi

Wengi hutazama bandeji ya nje kwa sababu ndiyo yenye rangi. Mjuzi huanza na kilicho chini yake. Pedi ndiyo inayopokea pigo na kuusambaza mkazo. Kwa muda mrefu masaisi wametumia pamba nene iliyofunikwa kwa kitambaa chepesi pande zote mbili, iitwayo gamgee kwa jina la Joseph Sampson Gamgee, daktari wa upasuaji wa Birmingham aliyeibuni mwaka 1880 kwa ajili ya vidonda vya binadamu. Siku hizi kuna pedi za kushonwa zinazofuliwa na kutumika tena.

Iwe ya aina gani, ikunje mkononi, kisha iachie. Pedi njema hufura tena na kurudi kwenye unene wake wa sentimita 2 au 3. Pitisha kiganja pande zote mbili ukitafuta uvimbe wa pamba iliyojikusanya, mshono uliotuna, au punje ya mchanga na vipande vya maranda. Kitu ambacho kidole chako kinakihisi, mguu utakihisi kwa saa tatu bila nafasi ya kulalamika. Urefu wake utoke chini kidogo ya goti hadi ufunike visigino na ukingo wa ukwato. Miguu ya nyuma ni mirefu zaidi, hivyo pedi zake pia ziwe ndefu zaidi. Ukiona seti ya pedi nne zinazolingana kabisa, uliza.

Bandeji yenyewe iwe na upana wa sentimita 10 hadi 15, na iwe na mnyumbuko kidogo tu. Ile inayovutika sana ni hatari, kwa sababu inaendelea kubana hata baada ya mkono kuiachia.

Tazama mkono ukifanya kazi

Saisi hodari humaliza nusu ya kazi kabla ya kugusa bandeji. Huusugua mguu uondoke matope, huukausha, kisha huupapasa kutoka gotini hadi ukwatoni kutafuta joto au uvimbe. Huchutama, hapigi goti wala haketi, maana farasi akishtuka lazima aweze kuondoka papo hapo. Bandeji zake zimeviringwa tayari, zimekazwa, na ncha ya kufungia iko ndani ili iishie nje.

Akianza, ukingo wa pedi huuweka ubavuni mwa muundi, kamwe si nyuma juu ya kano. Bandeji huiingiza chini ya ukingo wa pedi katikati ya muundi ili isiteleze. Kutoka hapo huizungusha kuanzia mbele, kupitia upande wa nje, kwenda nyuma na kurejea kwa ndani. Mguu wa kushoto na wa kulia kwa hiyo huzungushwa kwa mwelekeo tofauti, na hii ni alama nyepesi ya kumtambua anayejua: linganisha miguu miwili ya mbele, uone kama mmoja ni kivuli cha mwingine kwenye kioo.

Sasa itazame bandeji inavyotoka mkononi. Fundi huiweka karibu kabisa na mguu na kuifungua kidogo kidogo. Anapotaka kukaza, hukaza inapopita mbele, juu ya mfupa, kwa kuwa mfupa unastahimili. Ikifika nyuma, juu ya kano, huilaza tu. Mwanafunzi huivuta kwa nguvu kuelekea kwake kila mzunguko, na mkazo wote huishia kwenye kano. Kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia. Bandeji ishuke, ipite chini ya kifundo ikikumbatia visigino, ipande hadi karibu na goti, kisha imalizikie upande wa nje.

Vipimo vya kazi iliyokamilika

Simama hatua mbili nyuma. Mistari ipandane kwa nafasi sawa, na pedi ichungulie kama sentimita moja juu na chini. Bandeji ikipita pedi, ukingo wake utaikata ngozi. Kisha ingiza kidole kimoja pale juu: kiingie kwa kujibana kidogo. Kisipoingia, imekaza, kikicheza, itateremka kabla ya safari kuisha, na bandeji iliyoteremka humkwaza farasi.

Papasa mguu mzima kwa kiganja. Mkazo uwe mmoja kutoka juu hadi chini. Mkunjo mmoja uliojificha nyuma ya muundi unatosha kuivimbisha kano. Mwisho kagua kifungio: kiwe upande wa nje, na kama kuna utepe wa gundi juu yake, usikaze kuliko bandeji yenyewe.

Buti za safari

Buti za velkro ni rahisi, na kwa mtu asiye na mkono wa bandeji ndizo chaguo la busara. Nzuri hutambulika kwa mambo matatu. Kwanza, zinafika chini hadi kuufunika ukingo wa ukwato. Pili, zinakaa mahali pake: mtembeze farasi mara kadhaa uwanjani, kisha uone kama zimezunguka au kushuka. Tatu, kitambaa cha ndani hakinasi maranda wala nyasi. Kwa miguu ya nyuma, buti bora hupanda kukifunika kile kiungo chenye ncha katikati ya mguu, ambacho hugonga mlango wa nyuma lori linapoondoka. Zizoeshwe nyumbani. Farasi anayevalishwa buti kwa mara ya kwanza asubuhi ya safari huweza kupiga mateke ndani ya lori, na hilo ni baya kuliko kusafiri miguu mitupu.

Hakuna bandeji wala buti inayofidia gari bovu. Sakafu iwe na mpira usioteleza, farasi apate nafasi ya kupanua miguu, na dereva afunge breki mapema. Joto likiwa kali na safari ndefu, bandeji nene huupika mguu, kwa hiyo msimame kila baada ya saa chache mkague. Na kama hakuna anayejua kufunga, afadhali msifunge.

Hukumu hutolewa mwishoni

Siri ya mtungi muulize kata. Siri ya bandeji uulize mguu. Mkifika, ifungue mara moja na utazame kabla ya kusugua. Manyoya yawe yamelala upande mmoja, ngozi iwe baridi, na pasiwe na mtaro wala alama ya mstari uliochimba. Bonyeza nyuma ya muundi kwa ncha za vidole: kano iwe imenyooka na ngumu kama ilivyokuwa mlipoondoka, na farasi asivute mguu.

Saisi ambaye miguu ya farasi wake hufika hivyo safari baada ya safari ana ufundi usiouzwa dukani. Aliupata kwa kuchutama kando ya saisi mwingine aliyemtangulia. Mwenye farasi akiwa na fedha za kununua buti za bei ghali au za kumlipa vizuri saisi huyo amfundishe kijana mwingine, ushauri wangu ni alipie mafunzo. Buti zitachakaa baada ya misimu michache, lakini mkono uliofundishwa utafunga miguu ya farasi ambao bado hawajazaliwa.