Augustino na fimbo ya kaisari

Kuna barua moja ya Mtakatifu Augustino, ile ya 93, ambayo sisi wenye kupenda vitabu vyake hatupashwi kuiruka. Aliiandika karibu mwaka 408 kwa Vincentius, askofu wa Cartenna, mtu aliyemjua tangu siku zake za masomo kule Carthage.

Kanisa la Afrika ya Kaskazini lilikuwa limepasuka tayari miaka karibu 100. Wadonati walisema hivi: askofu aliyewatolea watesaji Maandiko wakati wa Diocletianus, sakramenti zake ni bure. Wakatoliki wakajibu: sakramenti ni ya Kristo, si ya askofu. Hapo Augustino ana haki, nami niko upande wake.

Lakini barua inauliza jambo lingine: je, serikali iwalazimishe Wadonati kurudi? Augustino anasema wazi kwamba zamani alikataa, alitaka kushindana kwa maneno tu. Nini ilimugeuza? Matokeo. Mji wake mwenyewe, Thagaste, ulikuwa wote wa Wadonati. Ukarudi kwa kuogopa sheria za kaisari, na sasa watu wanamshukuru Mungu. Kisha anashika mfano wa karamu katika Luka 14, pale watu wanalazimishwa kuingia.

Hapa ndipo hoja inachechemea. Mtu mwenye kuogopa sheria, atamwambia askofu nini? Atasema tu asante! Tena, jambo kufaulu haimaanishi ni la haki. Mwaka 362 kaisari Julianus aliwarudishia Wadonati makanisa yao. Kama nguvu ya kaisari ndiyo hoja, basi siku ile Wadonati ndio walikuwa na haki.

Musinielewe vibaya. Wadonati wenyewe walitangulia kupeleka shauri kwa Constantinus mwaka 313, na watu wa upande wao walipiga mapadri. Augustino naye aliomba wasiuawe. Lakini fimbo ya kuazima haina rafiki. Marcellinus, rafiki yake, ndiye aliyeamua kesi ya Carthage mwaka 411, Wadonati wakashindwa. Mwaka 413 serikali ileile ikamkata kichwa, hata Augustino alipomwombea.

Kwa hiyo tusome barua hii pamoja na kifo hicho. Ninyi munaonaje: imani iliyoingia kwa woga, inaweza kweli kukomaa?